Nasaha kwa Mtungaji wa Elimu za Siri

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia pamoja na mswada wa insha zako za falaki, ramli, talasimu na mambo ya pepo, nami nimeusoma wote, awali hata akhiri, kwa furaha na hadhari. Wanieleza kuwa wachapishaji wameukataa, na kwa hiyo umeazimu kuuchapa mwenyewe kwa fedha za wasomaji, kila mmoja akilipa bei ya nakala yake kabla kitabu hakijapigwa chapa. Sikukatazi, ila madhali umeniomba shauri, pokea haya.

Kwanza, ujue kuwa njia hiyo imepitwa na wengine kabla yako. Helena Blavatsky, yule bibi wa Kirusi aliyeasisi Chama cha Theosofia pamoja na wenzake, alipofika London mwaka 1887 alikuwa na rundo la karatasi lenye kimo cha zaidi ya futi 3, lisilo na mpango. Na wafuasi wake wawili wa ukoo wa Keightley walilisoma lote, wakamwambia waziwazi kuwa halina utaratibu, wakampendekezea namna ya kuligawa, kisha wakatoa na gharama za chapa, hata kitabu chake The Secret Doctrine kikatoka mwaka 1888. Nawe katika wachangiaji wako watafute wawili au watatu wa namna hiyo, watakaothubutu kukukosoa ingawa wanakupenda.

Kwani kosa dogo katika elimu hizi lina madhara makubwa. Umeonyesha vizuri jinsi watu wa pwani waifuatao njia inayonasibishwa na Abu Maashari waitafutavyo nyota ya mtu: jina lake na la mamake huhesabiwa kwa abjadi, yaani kila herufi ya Kiarabu kwa thamani yake, jumla ikapunguzwa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachosalia ndicho buruji. Ali ni 110, mamake Zainabu ni 69. Jumla yake ni 179, na ukiishatoa 12 mara 14 husalia 11, ambayo ni Dalu, yaani Ndoo. Lakini mswadani mwako 69 imeandikwa 96, na kwa hiyo Ali amesaliwa na 2, akawa mtu wa Thauri, yaani Ng'ombe! Asiyeamini atacheka, ila yule aaminiye huenda akaahirisha harusi au safari kwa ajili ya tarakimu mbili zilizopishana mahali. Basi prufu zisome mara ya pili pamoja na mtu ajuaye hesabu, wala usimwachie mpiga chapa.

Lililo zito zaidi ni fedha. Atatokea mtu, wala hatakawia, akutumie kwa simu mara kumi ya bei ya kitabu, na katika ujumbe wake aulize kama unayo azima ya kumrudisha mkewe aliyekwenda kwao. Mrudishie ziada siku ileile, umjibu kwa upole kuwa auziwacho ni kitabu. Kwani ukiipokea, insha itakayofuata utaiandika ukimfikiria yeye, na baada ya wachangiaji watano wa namna hiyo utakuwa umeacha utungaji ukaingia uganga bila kuutaka. Kumbuka pia kuwa Sheria ya Uchawi, iliyotungwa zama za Mwingereza mwaka 1928, ingalimo katika sheria zetu hapa Tanzania, nayo humkamata ajidaiye kuwa na uwezo wa uchawi. Kwa hiyo eleza yaliyoaminiwa na yaliyotendwa, pamoja na kumtaja aliyeyanukuu. Na utajapo Shamsul Maarif, kitabu kinachonasibishwa na al-Buni, usifiche kuwa maulamaa wengi wamekikataza, bali itaje hoja yao kwa insafu kama utajavyo ya wanaokitumia.

Ama fedha za watu ni amana mpaka kitabu kiwafikie mikononi. Kabla ya kupokea hata shilingi, pata kwa mpiga chapa bei ya karatasi, jalada na ushonaji, uongeze na nauli ya vifurushi, ambayo watungaji wengi huisahau ikawala faida yote. Weka daftari lenye jina, kiasi, tarehe na idadi ya nakala. Taja siku ambayo, fedha zisipotimia, kila mtu atarudishiwa chake. Na bei iwe moja kwa tajiri na maskini, asije mmoja akadhani kuwa kwa wingi wa mchango wake amenunua na kalamu yako.

Nami nakutumia bei ya nakala mbili, moja yangu na moja ya shangazi yako. Usinipunguzie kwa ajili ya undugu. Ziandike daftarini kama za mtu baki, uniletee na risiti.

Wasalaam,
Ami yako