Maji ya Betri

Friji ya kwanza niliyoitunza ilikula mafuta ya taa. Ilikaa kwenye kona ya chumba cha chanjo, katika kituo cha afya cha kijiji chetu, kaskazini ya Palma, Msumbiji, njia ya kwenda Quionga. Chini yake kulikuwa na tangi dogo na utambi. Kila alfajiri nililala kifudifudi sakafuni kuutazama moto. Ukiwa wa buluu, friji inapoa. Ukiwa wa manjano, bomba limejaa masizi na ubaridi hakuna. Mafuta yenyewe yalivushwa na mashua kutoka Mtwara, na mara nyingi yalichanganywa maji. Utambi ukianza kurusha cheche, unajua umepunjwa. Hivyo ndivyo tulivyolinda chanjo za watoto miaka ile baada ya mkataba wa Roma wa Oktoba 1992, vita vilipokwisha na watu wakarudi kujenga upya.

Kwa hiyo friji ya jua ilipokuja, Juni 1999, sikuuliza maswali mengi. Nilikuwa na miaka 39 na kifua changu kilikuwa kimeshachoka na moshi. Walikuja mafundi wawili na gari lenye paneli nne, betri sita nzito, na friji nyeupe yenye kuta nene ajabu. Waliotuletea sitawataja, maana walichoahidi walikitimiza. Siku tatu mafundi walikuwa juu ya bati, na watoto wa kijiji kizima wako chini ya mkorosho wakiwatazama.

Nilifundishwa mambo manne. Nifute vumbi na mavi ya ndege kwenye paneli. Nikate tawi lolote litakaloleta kivuli. Nisiweke samaki wangu mle ndani. Na kila mwezi nifungue vifuniko vya betri, nitazame kama bamba za risasi zimefunikwa. Yakipungua maji, niongeze maji ya betri tu, yale safi yasiyo na kitu ndani yake. Wakaniachia madumu mawili ya lita tano tano, wakaondoka.

Mwaka ule ulikuwa mwema kweli. Mafundi walikuwa wametufungia na taa mbili, moja chumba cha uzazi. Mkunga wetu, mama mtu mzima aliyezalisha nusu ya kijiji kwa kibatari, usiku wa kwanza alikiwasha kibatari chake vilevile, akakiweka pembeni, hakuiamini ile taa. Mtoto alipotoka alimgeuza geuza chini ya mwanga mweupe kwa muda mrefu. Akaniambia, "Leo nimemwona kucha zake." Tangu siku hiyo kibatari kilibaki juu ya kabati.

Ili mtu aelewe furaha yetu ilikuwa na uzito gani, lazima nirudi nyuma. Utoto wangu niliupitisha Tanzania, tukiwa wakimbizi wa vita vya ukombozi huko Rutamba, karibu na Lindi. Wazee wetu walikusanyika kwenye redio, na nakumbuka jina moja lililorudiwa mara kwa mara: Cahora Bassa. Wareno walikuwa wanajenga bwawa kubwa mto Zambezi, na FRELIMO, waliopigania uhuru wetu, ililipinga, kwamba linajengwa kuwafunga pamoja Ureno na makaburu wa Afrika Kusini na kuleta walowezi bondeni. Bwawa lilianza kujaa Desemba 1974. Uhuru ukaja Juni 25, 1975, likawa ndani ya nchi yetu. Lakini umeme wake ulisafiri kilomita 1,400 kwenda Afrika Kusini. Ikaja vita ya pili, nguzo zikaangushwa kwa mamia, miaka na miaka nyaya zikawa kimya. Hata ziliposimamishwa tena, sisi wa pwani ya kaskazini hatukuona hata cheche. Ureno yenyewe ilishika sehemu kubwa ya bwawa lile hadi Novemba 2007. Basi paneli nne juu ya bati letu zilikuwa umeme wa kwanza niliouona ukikaa palepale ulipozaliwa. Nililipenda hilo kuliko nilivyopenda friji.

Maji ya betri yalikwisha katikati ya mwaka 2000. Niliandika barua, ikaenda Palma na mtu wa baiskeli, ikaendelea hadi Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Nchi nzima ilikuwa imeshughulika na mafuriko ya kusini, Limpopo na Save, watu wameokolewa juu ya miti, nami nilielewa kwamba dumu la maji la kijiji kimoja haliwezi kutangulia. Jibu lilikuja Septemba: mradi umekwisha, ombi lipelekwe kwingine. Hapakuandikwa ni wapi.

Mwezi wa kumi nilipofungua vifuniko, bamba zilikuwa zimechungulia nje ya maji. Hapo ndipo nilipofanya lile nililolifanya. Nilichota maji kisimani. Nikayachuja kwa kipande cha kanga mara mbili, nikayachemsha kwenye sufuria robo saa nzima, nikayaacha yapoe usiku kucha yakiwa yamefunikwa. Kazi yangu ilikuwa afya. Miaka yote nilikuwa nikiwafundisha akina mama kwamba maji yaliyochemshwa ni maji salama. Asubuhi nikayamimina, chumba baada ya chumba cha betri, taratibu, bila kumwaga tone. Nilipomaliza niliona nimefanya jambo la maana.

Kisima chetu kiko mwendo wa dakika chache kutoka baharini. Ukiosha mikono kwa maji yake, sabuni haitoi povu.

Wiki mbili kipimajoto kilikaa kwenye nne, kama kawaida. Kisha saba. Kisha asubuhi moja kumi na moja. Betri zilijaa mchana jua likiwa kali, na kabla ya usiku wa manane zilikuwa zimekwisha nguvu, huku mimi nikizunguka na kitambaa nikifuta paneli zilizokuwa safi. Chanjo zinataka baridi ya kati ya mbili na nane. Chupa za matone ya polio zina alama ndogo: duara la rangi, na ndani yake kijimraba cheupe. Chupa ikipata joto, kijimraba kinazidi kuiva rangi. Kikilingana na duara, chupa hiyo ni ya kutupa.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya chanjo, mwezi wa kumi na moja. Nilifungua friji, kipimajoto kikasema kumi na sita. Nikatoa chupa moja, nikaipeleka dirishani. Duara na kijimraba vilikuwa kitu kimoja. Nikatoa ya pili. Nikazitoa zote, nikazipanga juu ya meza, na zote zilinitazama kwa jicho lilelile moja. Za surua hazikuwa na alama wakati ule, lakini zilikaa rafu moja na hizo, kwa hiyo nilijua.

Nje walikuwa wamekaa akina mama kama thelathini. Wengine walitoka usiku, wamevuka mikoko maji yalipotoka, watoto mgongoni. Nilitoka nikawaambia chanjo zimeharibika, itabidi waende Palma. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mmoja, aliyebeba pacha, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, alitazama juu kwenye paneli, akanitazama mimi.

"Bwana mganga, jua si ni lilelile?"

Nilizika chupa zile nyuma ya choo jioni yake.

Fundi redio mmoja wa Mtwara, aliyepita na mashua, ndiye aliyenifungua macho. Alichungulia betri, akauliza nimeweka maji gani, nikamweleza kwa fahari kidogo jinsi nilivyoyachemsha. Alinyamaza, kisha akasema kwa upole, "Kuchemsha kunaua vijidudu, kaka. Chumvi haifi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki." Akaniambia kwamba ningekinga maji ya mvua kwenye chombo cha plastiki, baada ya mvua ya kwanza kuosha bati, yangesaidia. Mvua ilianza wiki tatu baadaye.

Tulirudi kwenye utambi. Na nilipopewa kazi ya kuzunguka vituo vingine, niliyakuta yaleyale: paneli nzima, betri mfu. Kwingine betri zilikuwa vigoda. Serikali ilianzisha mfuko wa nishati, FUNAE, mwaka 1997, nao umefunga sola kwenye shule na vituo vingi vijijini. Siku hizi kuna hata friji za chanjo zisizo na betri, zinagandisha barafu mchana na kujipooza nayo usiku. Aliyebuni hizo, nina hakika, aliwahi kusimama mbele ya akina mama kama mimi. Lakini miaka yote ile sikukutana na mradi hata mmoja uliomlipa mtu wa kijijini abaki na betri. Fedha zilikuwepo za kusafirisha paneli kutoka ng'ambo. Za dumu la maji hazikuwepo.

Kisha, mwaka 2010, gesi ilipatikana baharini mbele yetu, na Palma haikuzungumza tena jambo lingine. Jua likasahauliwa mpaka mwaka 2020, wapiganaji wa uasi uliokuwa umezuka mkoani kwetu walipoharibu kituo cha umeme cha Awasse na wilaya zetu zikaingia gizani. Waliokuwa na vipaneli vya kununua Mtwara ndio waliotuchajia simu. Machi 24, 2021, Palma iliposhambuliwa, simu yangu ilikuwa imejaa chaji. Mtandao ndio uliokuwa umekatika. Tuliondoka kwa miguu, kisha kwa boti, hadi Pemba.

Pemba ndiko niliko. Metoro, bara kidogo, kuna mashamba ya paneli ya megawati 41. Nilipelekwa kuyaona, nikasimama kwenye uzio muda mrefu. Nyumbani nakinga mvua bado, dumu liko nyuma ya mlango. Mjukuu wa dada yangu alicheka alipojua sababu. "Babu, betri za sasa hazinywi maji." Akanionyesha taa yake ya sola, nyepesi kama kijarida. Mwezi jana ilizimika. Nilimuuliza nani ataifungua. Akasema haifunguliwi, unatupa, unanunua nyingine.

Nilimwomba asiitupe. Iko mbele yangu hapa mezani, pamoja na bisibisi. Nimetoa skrubu tatu. Ya nne imeshika kutu, nimeitilia mafuta, nangoja.