Mwanangu, Usiikimbie Arobaini

Mwanangu mpendwa,

Pole na hongera kwa kujifungua salama. Mama yako kanieleza kwamba ulijitazama kwenye kioo ukalia, ukasema mimba imekuzeesha. Katika miaka yangu ya ukunga nimewasikia wengi wakisema hivyo, nami nilikuwa nawajibu kwamba ni uchovu tu. Leo sitakujibu hivyo, maana umesema kweli, ingawa ni nusu ya kweli.

Vinasaba ulivyozaliwa navyo mimba haikuvibadili. Lakini juu yake hukaa alama ndogo za kikemikali, ziitwazo methili, ambazo husaidia kuamua kinasaba kipi kifanye kazi na kipi kinyamaze. Ndiyo epijenetiki. Alama hizo hubadilika tunavyozidi kuzeeka, na mwaka 2013 mtafiti Steve Horvath alionyesha kwamba ukizisoma unaweza kukadiria umri wa mtu. Basi mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walizisoma katika damu ya wajawazito. Mimba ilipokuwa inakua, umri wa seli zao ulipanda kwa hadi miaka miwili, ndani ya miezi michache tu! Kwa hiyo hukuota.

Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Miezi mitatu baada ya kujifungua, umri ule ulikuwa umeshuka, na kwa baadhi yao ulishuka sana, hata miaka minane. Kwa walionyonyesha maziwa yao peke yake, umri huo ulishuka zaidi. Kwa waliokuwa na uzito mkubwa kabla ya mimba, ulishuka kidogo.

Mwaka huohuo, utafiti wa Cebu, Ufilipino, uliofuatilia vijana zaidi ya 1,700, ulionyesha kwamba kila mimba iliambatana na kuzeeka kwa seli kwa miezi miwili au mitatu zaidi. Wanaume waliokuwa wamezalisha hawakuonekana na badiliko hilo. Mzigo ni wetu, mwanangu. Mimi naziona habari hizi mbili zikienda pamoja: mwili hujirudi, lakini unadai muda wake, na anayebeba mimba juu ya mimba anaunyima.

Bibi zetu hawakujua methili. Walijua kumfungia mzazi ndani siku arobaini, wakamkanda kwa maji ya moto, wakampa uji wa pilipili manga na supu, na ndoo ya maji hakuigusa. Sasa nasikia wiki ya pili hii unafua nguo za nyumba nzima. Hilo limeniuma.

Mnyonyeshe mtoto, usimpe hata maji kwa miezi sita. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine, kwa hiyo zungumza na mumeo mapema, kisha mwende kliniki pamoja. Ukipanga mwingine, anza vidonge vya foliki kabla mimba haijaingia.

Jumamosi nakuja na kanga na mchele. Nguo ziache, nitazifua mimi.

Shangazi yako