Mteremko wa Mai Mahiu na pikapu ya baba

Kutoka Rironi, barabara huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Mkono mmoja ni mwamba, wa pili ni bonde tupu, na Mlima Longonot kwa mbali. Kando ya barabara lipo kanisa dogo lililojengwa na Waitaliano, wafungwa wa vita, mwaka wa 1942.

Mteremko huu ndio kipimo cha gari kuukuu. Kijana aliyerithi Datsun 1200 ya babake, ya miaka ya 1970, alifika kwa fundi katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan. Alitaka injini ya cc 1400 tu.

"Kijana wangu," mzee akamwuliza, "ukishakimbia, utasimama na nini?"

Pikapu ilikuwa na breki za drumu mbele na nyuma. Drumu hufungia joto ndani. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto na kulegea. Diski hukaa wazi, upepo ukaipoza. Basi pesa zikaanzia kwa diski za mbele, paipu na mafuta mapya ya breki. Zikafuata shokabu na springi za nyuma, bila kuongeza majani mengi, kwani springi ngumu huirusha pikapu ikiwa tupu. Injini ikangoja.

Jumamosi waliteremka kwa gia ya pili, magunia ya unga nyuma. Penye kanisa kijana akakanyaga breki. Pikapu ikasimama bila kuvuta upande. Mamake, aliyeshikilia mlango tangu Rironi, akauachilia.