Nilivyomrudisha mwanangu kwenye samaki

Kwetu Mwanza, kusema mwanao hali samaki ni kama kukiri kosa. Mwanangu wa miaka saba alikaa miezi minane bila kumgusa samaki, na kosa lilikuwa langu.

Usiku ule tulikula sato wa mchuzi. "Kula upesi ukalale," nilimwambia, macho yangu yakiwa kwenye simu. Aliposhika shingo huku machozi yanamtoka, nilifanya kile nilichofanyiwa utotoni: nilimpa tonge kavu la ugali ameze, lisukume mwiba. Akameza, akalia zaidi. Hospitali daktari aliutoa kwa kibano kirefu, kisha akanieleza kwa upole kwamba tonge lingeweza kuuzamisha zaidi. Maneno hayo sijayasahau.

Tangu hapo akisikia tu harufu ya samaki anaondoka mezani. Mama yake alimbembeleza, bibi yake alimgombeza. Mimi nikanunua minofu ya sangara, pamoja na jibini kwa sababu anaipenda kwenye mkate.

Nilipokuwa jikoni akaja, akasimama mlangoni. "Baba, una uhakika haina miiba?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini hata minofu iliyokatwa vizuri inaweza kubaki na mwiba. "Sina uhakika," nikamjibu. "Njoo tutafute."

Akanawa mikono, akapitisha vidole taratibu juu ya kila mnofu. Kwenye wa tatu akasimama. "Huu hapa!" Tukautoa kwa kibano cha nyusi cha mama yake, ambacho nilikuwa nimekichemsha. Akauweka kwenye kisosi, akautazama kwa muda mrefu.

Yaliyobaki ni rahisi. Kwa nusu kilo ya minofu, ikaushe kwa kitambaa safi, ipake limao, pilipili manga na chumvi kidogo sana, maana jibini ina chumvi yake. Changanya vijiko vinne vya jibini iliyokwaruzwa, vinne vya chenga za mkate mkavu, kitunguu saumu kilichotwangwa na kijiko kimoja cha mafuta. Tandaza juu ya minofu, ukandamize kwa kiganja. Oka kwenye oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 200 kwa dakika 15 hadi 20, kulingana na unene. Imeiva pale juu panapokuwa pa kahawia, na nyama ya ndani ni nyeupe kote na inaachana ukiigusa kwa uma. Kama huna oveni, tumia sufuria yenye mfuniko bapa: makaa machache chini, mengi juu, kama tunavyooka keki.

Alianza na lile gamba la jibini peke yake. Kisha akachambua nyama kwa vidole, akaweka kipande kidogo mdomoni, akatafuna mpaka nikadhani hatameza. Akameza. Simu yangu ilikuwa chumbani.

Nilidhani jibini ndiyo ingemrudisha. Naona kilichomsaidia zaidi ni kuukuta mwiba kwa vidole vyake kabla haujamfikia kooni, na kusikia baba yake akikubali kwamba hana uhakika.

Siku hizi kila Jumamosi yeye ndiye mkaguzi wa minofu nyumbani. Sato wa mchuzi bado anamkwepa. Simharakishi.