Sarafu Ambazo Hazijanunua Kitu

Kila mtu ana ugonjwa wake, na wangu ni sarafu. Wako wanaokusanya stempu, wako wanaofuga njiwa, na wako wasioweza kupita karibu na uwanja wa mpira bila kusimama. Mimi tangu ujana wangu nimekuwa mtu wa kuokota, kuomba na kubadilishana sarafu. Hapa Hasamba, wilayani Mbozi, watu wameuzoea ugonjwa huu. Anayelima shamba akafukua senti ya zamani huniletea, nami humpa nauli ya kwenda Vwawa na kurudi. Tunaagana kila mmoja akimwonea huruma mwenzake kwa kupunjwa.

Siku hizi, ndugu msomaji, ugonjwa wetu umepata ugonjwa mwingine juu yake. Wakusanyaji wa sarafu duniani kote wananung'unika kwamba sarafu za kumbukumbu zimezidi. Zinatolewa nyingi mno, kwa kila sababu na hata bila sababu, hivi kwamba mtu mwenye kipato cha kawaida hawezi tena kukamilisha mkusanyiko wa nchi yake mwenyewe. Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na naona si la wakusanyaji peke yao. Linahusu namna taifa linavyokumbuka.

Nianze na kopo langu. Ni kopo la maziwa ya unga, na kila kilichomo kimepita katika mikono ya watu. Zimo senti kumi za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati, ambazo wazee walizitunga katika kamba kama shanga ili zisipotee. Fundi mmoja wa hapa kijijini aliwahi kunionyesha nyingine alizozipigilia chini ya misumari ya bati ili paa lisivuje. Zimo ngwee za Zambia za mwaka 1968, ile ya moja yenye mhanga na ile ya kumi yenye hondohondo, ambazo nilizipata Tunduma kwa wabadilisha fedha wakati hazina tena thamani ya kununua hata kiberiti. Imo fen tano ya Wachina, nyepesi kama ganda la karanga. Niliachiwa na mzee aliyefanya kazi ya kibarua wakati reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975.

Tena imo heller ishirini ya shaba ya njano, iliyofuliwa Tabora mwaka 1916. Hiyo ndiyo fahari yangu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walizingirwa, fedha kutoka kwao hazikuweza kufika, nao wakageuza karakana ya reli pale Tabora kuwa kiwanda cha kufulia sarafu. Walifua heller za shaba, na kwa dhahabu ya Sekenke wakafua rupia kumi na tano zenye picha ya tembo, zipatazo 16,000 na ushei. Ya dhahabu sijapata kuishika, wala sitegemei kuishika. Lakini hii ya shaba inanitosha, kwa sababu ilitengenezwa na watu waliokuwa na haja ya fedha, wakawalipa nayo watu wenye haja ya kula.

Na tazama lugha yetu ilivyozitunza sarafu hizi. Neno "hela" ni hiyo heller ya Mjerumani. "Pesa" imetoka Bara Hindi pamoja na rupia. "Shilingi" na "senti" tumeachiwa na Mwingereza. Wazee wetu waliita senti tano "ndururu" na senti hamsini "thumni". Utawala wa Mjerumani ulikwisha zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na bado mtoto wa Hasamba anayetaka andazi anaomba hela. Sarafu iliyotumika huacha neno mdomoni mwa watu.

Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango yake mwezi Juni mwaka 1966, na mwaka huo huo tukapata sarafu zetu wenyewe. Senti tano ilikuwa na pembe kumi na mbili na picha ya samaki, senti ishirini ilikuwa na mbuni, senti hamsini sungura, na shilingi ilikuwa na mkono ulioshika mwenge. Nyuso za mbele zote zilikuwa na Mwalimu Nyerere. Nilipoanza kukusanya nilijiwekea lengo moja jepesi: niwe na sarafu moja ya kila aina yenye jina la Tanzania. Lilikuwa lengo la mtu maskini, maana lilihitaji subira kuliko fedha. Ulikuwa unasubiri chenji dukani, unaikagua, basi.

Hata sarafu ya kumbukumbu ilipokuja, ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1971 tulitimiza miaka kumi ya Uhuru, ikatoka shilingi tano kubwa yenye pembe kumi. Baba yangu aliileta nyumbani kutoka kuuza kahawa, akaiweka mezani, tukaizunguka kuitazama. Mama aliiacha pale mpaka asubuhi, kisha akaenda nayo dukani, akarudi na chumvi, kiberiti na mafuta ya taa, na chenji mkononi. Hakuna aliyehuzunika. Sherehe ya taifa ilikuwa imefika nyumbani kwetu, ikatuletea chumvi, ikaendelea na safari yake kwenda nyumba nyingine. Ndivyo walivyofanya hata Wakenya mwaka 2003, walipotimiza miaka arobaini ya uhuru wakatoa shilingi arobaini, ikaingia mifukoni mwa wananchi pamoja na sarafu nyingine.

Lakini pembeni ya njia hiyo ilikuwapo nyingine. Mwaka 1974 zilitoka sarafu tatu za Tanzania kwa ajili ya kampeni ya kimataifa ya kuhifadhi wanyamapori, iliyoshirikisha nchi kadhaa: shilingi 25 ya fedha yenye twiga, shilingi 50 ya fedha yenye kifaru, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Nia ilikuwa njema, na sarafu zenyewe ni nzuri. Ila ziliuzwa kwa wakusanyaji, na kwetu hazikufika. Nilikuja kuziona katika kitabu tu, nikashangaa kugundua kwamba mkusanyiko wangu, niliodhani umekamilika, ulikuwa na matundu ambayo hakuna muuza duka wa Mbozi angeweza kunizibia.

Tangu wakati huo matundu yameongezeka kuliko sarafu. Utaratibu wake, kwa wasioujua, ni huu. Kampuni ya nchi za mbali hubuni picha inayodhani itauzika, kisha hutafuta serikali itakayokubali jina lake na nembo yake viwekwe upande wa pili, kwa malipo. Sarafu hufuliwa huko huko, huwekwa ndani ya kisanduku chenye kitambaa laini, na huuzwa huko huko kwa bei ambayo haina uhusiano wowote na thamani iliyoandikwa juu yake. Kisheria ni fedha halali ya nchi fulani. Kwa kweli ni pambo lenye pasipoti.

Majirani zetu kadhaa wamo. Zambia ilianza kutoa sarafu za fedha za tembo mwaka 1999, zikifuliwa Ujerumani, kisha kuanzia mwaka 2004 tembo huyo huyo akahamia kwenye jina la Somalia. Rwanda tangu mwaka 2008 ina sarafu yake ya aunsi moja ya fedha, kila mwaka na mnyama wake, akianza sokwe wa milimani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2005 ilikuwa na faranga tano iliyotengenezwa kwa mti! Na Somalia, ambayo Benki Kuu yake iliporomoka pamoja na serikali mwaka 1991, mwaka 2004 jina lake liliwekwa katika sarafu zenye umbo la magitaa, zilizoandikwa thamani ya dola moja. Fikiria jambo hilo. Msomali alikuwa akinunua mchele kwa mafungu ya noti za shilingi zilizochakaa, na huku nje jina la nchi yake likiuzwa kama gitaa, tena kwa dola.

Nimewauliza wabadilisha fedha wa Tunduma, watu ambao kutwa nzima mikono yao imo katika shilingi na kwacha, kama wamewahi kupokea tembo wa fedha wa Zambia. Walicheka. Mmoja aliniambia, "Mzee, hiyo ikija hapa nitampelekea sonara."

Tusidhani kwamba ni Afrika peke yake. Marekani, kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996, ilitoa miundo 16 ya sarafu, kila mmoja kwa namna mbili za ufuaji, jumla 32. Wakusanyaji walichoka, sarafu zikadoda, na mwaka huo huo Bunge lao likapitisha sheria kwamba kuanzia mwaka 1999 zisizidi kumbukumbu mbili kwa mwaka. Nchi zinazotumia yuro nazo zimewekewa kikomo kwa ile yuro mbili ya kumbukumbu: zamani moja kwa mwaka kwa kila nchi, sasa mbili, ukiacha zile zinazotolewa kwa pamoja. Kumbe inawezekana kusema basi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sarafu hizi zimetembezwa mno.

Mpwa wangu anayeishi Uingereza hakubaliani nami. Yeye ndiye hunitumia katika simu picha za matoleo mapya. "Mjomba," huniambia, "nchi inapata fedha za kigeni bila jasho, mnunuzi anapata kitu kizuri, kuna aliyeumia hapo?" Ni swali la haki, nami sitalikwepa. Hakuna aliyeibiwa. Sanaa iliyomo mara nyingi ni ya hali ya juu. Na wanyama wetu ni heri wajulikane kwa sarafu kuliko kutojulikana kabisa.

Hata hivyo kuna kinachopotea. Kumbukumbu ina nguvu kwa sababu ni chache. Tukisimamisha mnara katika kila kona, wapita njia wataacha kuitazama yote. Nchi inapoweka nembo yake juu ya kila kinachouzika, siku itakapokuwa na jambo kubwa la kukumbuka itabaki na chuma gani cha kuliandikia? Miaka hii zimetoka hata sarafu zilizopachikwa vipande vya vimondo. Sisi wa Mbozi tunacho Kimondo kizima pale Ndolezi, chuma ambacho vitabu vingi hukitaja kuwa cha tani 12, nacho kimelala tu kwenye kilima cha Marengi bila kuhitaji kisanduku wala cheti cha uhalisi.

Msimu wa kahawa uliopita mpwa wangu alinitumia picha ya seti moja yenye jina la Tanzania, akaniuliza kama aninunulie, nimrudishie polepole. Bei yake ilikaribia magunia mawili ya kahawa yangu. Mjukuu wangu, ambaye ndiye atakayerithi kopo hili, alikuwa ameketi pembeni yangu akizipanga sarafu. Ana desturi yake: kila anayoishika huniuliza, "Babu, hii ilinunua nini?" Nami humjibu. Hii ilinunua nauli ya lori mpaka Mbeya. Hii ilikuwa sadaka ya bibi yako. Hii nilipewa kama chenji siku ya kwanza sarafu ya nyati ilipofika dukani mwaka 2014, noti ya mia tano ilipokuwa ikichakaa kabla haijafika mwisho wa mwezi. Nikamwonyesha ile picha kwenye simu. Akaitazama sana, akasema ni nzuri, kisha akauliza kama kawaida yake. Sikuwa na jibu la kumpa.

Nilimwandikia mpwa wangu kwamba namshukuru, lakini lengo langu nimelibadilisha. Sikusanyi tena kila sarafu yenye jina la Tanzania. Nakusanya zile ambazo Tanzania imezitumia. Magunia yale mawili yamekwenda kwenye sare na daftari za mjukuu, na moja ya daftari hizo tumeitenga kwa ajili ya kopo, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tumechora safu nne: jina la sarafu, mwaka wake, ilikotoka, na ilichonunua. Safu ya nne ndiyo inayotuchukua muda. Kwa ajili yake imebidi twende kwa wazee wa Hasamba mmoja mmoja, mjukuu akibeba kalamu, tukiwauliza shilingi ya mwenge ilikuwa inatosha nini dukani. Mpaka leo tumejaza kurasa kumi na moja, na bado kuna wazee wawili wa ng'ambo ya mto ambao hatujawafikia.