Sukari ni ya Nini?

Watu wengi wakizungumza juu ya tumbo na figo husema kwa kifupi: tumbo ni la kupokea, figo ni za kutoa uchafu. Maneno hayo si ya uongo, lakini hutufanya tuuone mwili kama nyumba yenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, basi. Nimefundisha sayansi kwa miaka mingi, na tangu nilipostaafu nimeendelea kusoma vitabu vya kazi za viungo kwa raha yangu mwenyewe. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kazi kubwa ya viungo hivi ni kurudisha.

Tuanze na njia ya chakula. Mtu mzima hupata maji kama lita 2 kwa siku katika vinywaji na vyakula. Mwili wenyewe huongeza lita 7 hivi: mate, maji makali ya tumboni, nyongo itokayo kwenye ini, maji ya kongosho, na yale yanayotoka katika kuta za utumbo. Jumla ni lita 9, karibu nusu ya ndoo tunayochotea maji kisimani. Kazi yake ni kulainisha na kuvunjavunja chakula. Kazi ikiisha, utumbo huyanywa tena karibu yote; kwa mtu mwenye afya, maji yanayotoka na choo hayafiki hata robo lita.

Figo nazo zina hesabu ya namna hiyo hiyo. Kila figo ina vichujio vidogo mno, viitwavyo nefroni, vipatavyo kama milioni 1. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja kutoka katika damu maji kama lita 180, na mkojo tunaoutoa ni lita 1 na nusu hivi. Mengine yote yamerudi katika damu, pamoja na sukari na sehemu kubwa ya chumvi. Mama anayechambua maharage hatafuti jiwe moja moja ndani ya gunia. Humwaga punje katika ungo, akarudisha zilizo nzuri, mawe na makapi akayaacha. Ndivyo figo zifanyavyo mchana na usiku. Ndiyo maana sukari ikionekana katika mkojo daktari hutaka kupima damu: huenda imezidi, hata figo zikashindwa kuirudisha yote.

Umuhimu wa mambo haya niliuona msimu wa mvua wa mwaka 1983, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kijijini. Ugonjwa wa kuharisha uliingia katika vitongoji vyetu, na pakiti za dawa ya kuharisha zilikuwa zimekwisha. Muuguzi wa zahanati alikuja shuleni akawafundisha wanafunzi kutengeneza maji ya chumvi na sukari: maji safi yaliyochemshwa lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Lakini sukari mwaka ule ilikuwa adimu. Watu walipanga foleni tangu alfajiri wakarudi mikono mitupu.

Siku ya pili binti mmoja wa darasa la sita alinijia ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti. Kuna nini?"

"Mdogo wangu anaharisha, na nyumbani hatuna sukari. Mama anasema sukari ni ya kumbembeleza mtoto tu, kwa hiyo anampa maji ya chumvi matupu. Mwalimu, sukari ni ya nini hasa?"

Swali hilo lilikuwa limejibiwa na wataalamu muda si mrefu. Mwaka 1960, katika mkutano mjini Prague, Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo sukari na chumvi huingia pamoja, kama mlango unaotaka funguo mbili. Vikiingia, maji huvifuata. Kipindupindu hufanya utumbo umwage maji kwa wingi, lakini mlango huo hakiuharibu. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, Dk. Dilip Mahalanabis aliwapa wakimbizi huko Bangaon, India, maji ya chumvi na sukari ya kunywa, kwa kuwa maji ya kutundika hayakutosha. Katika kambi ile vifo vilishuka kutoka karibu wagonjwa 30 kwa kila 100 hadi chini ya 4.

Nilimwita muuguzi, tukakaa tukafikiri. Sukari haipo, je, kuna nini ndani ya nyumba kinachoweza kugeuka sukari? Jibu lilikuwa katika somo la kwanza kabisa la mmeng'enyo wa chakula: wanga huvunjwa na mate na maji ya kongosho ukawa sukari. Unga ulikuwamo katika kila nyumba. Tukapika uji mwepesi wa kunyweka, tukautia chumvi kwa kipimo, tukaenda kwa yule binti.

Mtoto alikuwa wa miaka 2. Macho yalikuwa yamezama, na tangu asubuhi hakuwa amekojoa, kwa sababu figo zake zilikuwa zikishikilia kila tone lililobaki. Mama yake alimnywesha kijiko baada ya kijiko usiku kucha. Alfajiri alitoka uani akicheka na kulia, akatangaza kwa majirani: "Amekojoa!" Sijapata kusikia habari njema kuliko hiyo. Maana yake maji yalikuwa yametosha, na figo zimeona zina ya kutoa.

Katika kitongoji cha pili mtoto mmoja hatukumuwahi. Huko nako maji ya chumvi matupu yalikuwa yametumika.

Leo pakiti zinapatikana kwa urahisi zaidi, na watoto hupewa pia vidonge vya zinki. Hata hivyo, ndugu msomaji, ukimfundisha mwenzako kipimo, mweleze na sababu yake. Anayejua kipimo peke yake, siku sukari ikikosekana ataiacha. Anayejua sababu atatazama ndani ya pipa la unga.