Pembe Nne

Kontena la futi 20, likiwa tupu, lina zaidi ya kilo 2,000, na uzito wote huo hutua kwenye pembe zake nne. Sikuyajua hayo chuoni. Niliambiwa na dereva wa lori kwa simu, wiki moja kabla ya kutuletea kontena kuukuu hapa kwetu Changamwe.

Makontena tunayaona kila siku yakitoka bandarini kwenda Nairobi. Hili letu lilikuwa la duka la Mama. Pesa ni zile alizoniwekea za karo, akingoja nirudi chuo. Miaka mitatu ikapita, akachoka.

Basi nikapima geti: mita tatu. Kontena lina upana wa mita 2.4, kwa hivyo lori lingepita kwa kubana. Nikamwomba jirani ahamishe kamba yake ya nguo. Nikaangalia nyaya za stima, kreni isije ikazigusa. Nikachimba pembe nne, nikamwaga kokoto na zege, nikapima usawa kwa mpira wa maji, manake pembe moja ikididimia, milango inakwama.

Jioni Mama akaja, akakanyaga pembe moja moja.

"Mwanangu, hapa hapatadidimia kweli?"

"Hapadidimii, Mama."

Aliniangalia kidogo. Najua chuo pia nilimwambia nitamaliza.

Jumamosi lori likafika, kreni ikalishusha pole pole. Mama hakungoja. Akavuta komeo mwenyewe, na milango yote miwili ikafunguka. Akaingia ndani, akaniita nikapime pa kuweka shelfu.